Mtaani ni 'Daktari', mfukoni hana nauli: Maisha ya anayemalizia PhD akisaka kazi ya uhadhiri

UKIISHI Kahawa Wendani, Juja, Njoro au Kesses, huenda una jirani ambaye taa yake haizimwi kabla ya saa nane usiku. Hapigi muziki, hana wageni wengi, na kila ukimpata kibandani akila chapati madondo, macho yako kwenye simu akisubiri meseji ya mtu anayeitwa 'Prof'. Huyo ni mwanafunzi wa uzamifu aliyebakisha hatua ya mwisho.

Mtaani tayari wanamwita 'Daktari'. Mama mboga humwita hivyo akimkatia sukuma ya ishirini. Kuna hata wazazi wanaomgongea mlango usiku mtoto akishikwa na homa, naye inambidi aeleze kwamba udaktari wake ni wa isimu, historia au sayansi ya udongo. Ushago ndiko maswali huwa makali zaidi. Unasoma nini kisichoisha? Wenzako mliomaliza nao kidato cha nne wamejenga, wewe bado unabeba begi mgongoni?

Yeye mwenyewe, hata hivyo, ana swali linalomnyima usingizi kuliko hayo yote: akishavaa lile joho jekundu, kazi iko wapi?

Kuna wakati jibu lilionekana rahisi. Mwaka wa 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) ilitoa viwango vilivyosema kwamba anayetaka kuwa mhadhiri anafaa kuwa na PhD, na waliokuwa na shahada ya uzamili pekee wakapewa hadi mwishoni mwa 2019 kujipanga. Vijana wengi waliona mlango umefunguka, wakajiandikisha. Makataa yalifika na kupita huku vyuo vikiwa bado na walimu wengi wasio na shahada hiyo.

Kwa hivyo uhitaji upo, hakuna anayebisha. Lakini kuhitaji mtu ni jambo moja na kuwa na pesa za kumwajiri ni jingine. Vyuo vikuu vya umma vimezama kwenye madeni, na nafasi ya mhadhiri anayestaafu mara nyingi hubaki wazi au vipindi vyake hugawiwa wahadhiri wa muda.

Miaka mitatu ya kwenye karatasi

PhD huandikwa kuwa ya miaka mitatu kwa anayesoma muda wote. Ni wachache wanaomaliza kwa muda huo, na si kwa sababu ni wavivu.

Unaanza na pendekezo la utafiti, ambalo utalitetea mbele ya idara, kisha mbele ya kitivo. Ukipita, unaomba leseni ya utafiti kutoka kwa NACOSTI, ile tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Halafu unaingia nyanjani kukusanya data: nauli, malazi, wasaidizi wa utafiti, na soda za wanaokubali kuhojiwa. Ukirudi unaandika sura, unazipeleka kwa wasimamizi wako, zinarudi zimejaa wino mwekundu, unaandika tena. Wasimamizi wawili wanaweza kutofautiana kuhusu aya moja, nawe uko katikati kama mtoto wa wazazi waliokosana.

Hapo ndipo mtu hujifunza adabu za meseji. Hutumi 'Niaje Prof'. Unaandika salamu, unauliza hali, unaomba radhi kwa usumbufu, ndipo unakumbusha kwamba sura ya nne iko kwake tangu mwezi juzi. Tiki mbili zinageuka buluu. Kimya. Msimamizi naye pengine ana wanafunzi kumi kama wewe, madarasa ya shahada ya kwanza yenye watu mia tatu, na mafungu ya mitihani ambayo hayajasahihishwa.

Ukishawasilisha tasnifu, baada ya programu ya Turnitin kupima ni kiasi gani cha maneno yako kinafanana na ya wengine, kazi inatumwa kwa watahini, na angalau mmoja anatoka nje ya chuo chako. Hapa ndipo wengi huchoka roho. Huna sura ya kuandika, huna darasa, na huna tarehe ya utetezi. Unaweza kungoja miezi mtahini asome, na hakuna unachoweza kufanya kumharakisha. Karo ya mwaka mpya wa masomo nayo huenda ikakukuta papo hapo.

Mwaka wa 2025 walikuwepo waliofika hatua hiyo na bado wakakwama. Mnamo Septemba 17, wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma wakidai, miongoni mwa mengine, Sh7.9 bilioni za mkataba wa mishahara wa 2017-2021. Mgomo ulidumu siku 49, hadi Novemba 5. Gazetini habari ilikuwa ya wanafunzi wa shahada ya kwanza waliorudi nyumbani. Kwa mtu aliyekuwa akisubiri kutetea tasnifu, hizo zilikuwa wiki saba nyingine za kulipa kodi ya nyumba bila kusonga hata hatua moja.

Makala mawili kabla ya kuhitimu

Kuna sharti jingine ambalo wageni hawalijui. Kabla ya kuhitimu, mwanafunzi wa uzamifu nchini hutakiwa awe amechapisha angalau makala mawili katika majarida ya kitaaluma yanayopitiwa na wataalamu.

Jarida la maana hukagua makala kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na linaweza kuyakataa. Sasa mtu akiwa na presha, ndipo barua pepe humwingia ikimwita 'Profesa mheshimiwa' na kumwahidi kwamba makala yake yatatoka baada ya siku tano akilipa ada kidogo. Haya ndiyo majarida ya kitapeli. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver nchini Marekani, alipata umaarufu kwa kutunza orodha ya wachapishaji wa aina hiyo hadi alipoiondoa mtandaoni Januari 2017. Orodha ilienda, matapeli wakabaki.

Ukilipa huko, umenunua aibu. Siku ya usaili, mwanachama mmoja wa jopo atafungua simu yake, atafute jina la jarida, na maombi yako yataishia hapo. Heri kuanza mapema na kuchomoa makala kutoka sura unazoandika. Kwa wanaosoma Kiswahili, yapo majarida yenye heshima kama Mulika na Kiswahili, yanayotolewa na TATAKI katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa taaluma nyingine, hifadhi za mtandaoni kama AJOL na DOAJ husaidia kutenganisha mchele na chuya.

Mhadhiri wa matatu

Wakati huo wote mtu anakula nini? Wengi hufundisha kwa muda. Jumatatu yuko kampasi ya katikati mwa jiji, Jumatano yuko Thika, Ijumaa amepanda matatu ya Nakuru akiwa na madaftari ya kusahihisha mapajani. Hulipwa kwa kila somo analofundisha, takriban saa tatu kwa wiki muhula mzima. Hana bima ya afya, hana likizo, hana ofisi. Mwanafunzi akitaka kumwona, wanakutana chini ya mti au kwenye ngazi.

Malipo yenyewe hayaji mwisho wa mwezi. Muhula ukiisha unajaza fomu ya madai, unaambatanisha rejista na alama, mwenyekiti wa idara anatia saini, kisha fomu inaanza safari yake ofisi hadi ofisi. Wapo waliongoja muhula mzima, wapo waliongoja miaka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa ni matumbo kikweli.

Ukiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza na umewahi kulia kuhusu alama zilizopotea, jua kwamba huenda hazikupotea. Huenda ziko kwenye kipakatalishi cha mhadhiri wa muda ambaye hajalipwa, na hana silaha nyingine ya kudai haki yake. Anaumia yeye, unaumia wewe, na aliyestahili kulipa hayupo darasani.

Kuandikia wengine

Njia nyingine ya mkwanja ni ile inayozungumzwa kwa sauti ya chini: kuandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo. Kenya imejulikana duniani kwa biashara hii. Filamu ya makala The Shadow Scholars, iliyotoka 2024 na kuongozwa na Eloise King, inamfuata Patricia Kingori, profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford aliyezaliwa Kenya, akija Nairobi kukutana na vijana wanaoifanya.

Ukweli ni kwamba kazi hiyo imelipa kodi na karo za watu wengi, wakiwemo wasomi wa uzamifu. Anayeamka saa tisa usiku kumwandikia mtu wa Ohio insha ya uuguzi hafanyi hivyo kwa kupenda. Lakini inamla pande mbili. Kwanza, saa anazompa mgeni ndizo saa tasnifu yake ingekamilika. Pili, anayetaka kuajiriwa kulinda uaminifu wa mitihani anaishi kwa kuuvunja, na siku jambo hilo likijulikana, jina lake la kitaaluma limekwenda.

Isitoshe, soko lenyewe limeyumba. Uingereza ilipitisha sheria mwaka wa 2022 iliyoharamisha kuuza insha kwa wanafunzi katika England, na Novemba mwaka huo huo ChatGPT ikaingia. Wateja wengi sasa hawaoni haja ya kumlipa binadamu.

Tangazo moja, bahasha nene

Nafasi ya kudumu ikitangazwa, kikundi cha WhatsApp huwaka moto. Utaombwa barua, wasifu, vyeti vyote tangu shule ya sekondari, majina ya wadhamini watatu, na vyuo vingine bado hutaka nakala kadhaa za kila kitu. Mtu anaingia saiba na kutoka na bahasha nzito kama tofali, mfuko ukiwa mwepesi.

Kisha masharti. Wanataka PhD, machapisho, na uzoefu wa miaka kadhaa wa kufundisha. Hapa ndipo ile kazi ya matatu hupata thamani, lakini iwapo tu una barua za kuthibitisha. Wapo waliofundisha miaka mitano na hawana karatasi hata moja, kwa sababu waliitwa kwa simu wakaingia darasani.

Kwa wasiomaliza, kuna nafasi ya 'tutorial fellow', yaani mwenye uzamili aliyejisajili kwa PhD. Ni mlango mzuri kwa sababu una mshahara na hukuweka ndani ya idara. Anayesubiri digrii ikamilike ndipo atume maombi huupita mlango huo bila kuubisha.

La kushika mkononi

Kama uko safarini, yapo mambo ambayo waliotangulia hurudia kila mara. Usiingie darasani bila barua ya uteuzi inayotaja somo, muhula na kiwango cha malipo. Weka nakala ya kila fomu ya madai. Kubaliana na msimamizi wako tarehe za kupeleka na kurudisha kazi, kisha mtumie muhtasari kwa barua pepe ili pasiwe na 'sikumbuki'. Tafuta wenzako wawili au watatu mkutane kila wiki kuandika, hata kama ni kwenye meza ya maktaba, kwa sababu upweke huua tasnifu nyingi kuliko ugumu wa nadharia. Ukihisi umeanza kuzama, ofisi ya ushauri nasaha ya chuo si ya vijana wa mwaka wa kwanza peke yao.

Panua macho pia. Utafiti unafanyika APHRC, KEMRI, ILRI, icipe, KALRO na KIPPRA, na huko wanahitaji watu wanaojua kukusanya data, kuichanganua na kuandika ripoti ikaeleweka. Nafasi za utafiti baada ya PhD hutangazwa pia Afrika Kusini na Ulaya. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Na wewe ambaye unafikiria kujiandikisha Septemba ijayo kwa sababu umekosa kazi na uzamili wako, kaa chini kwanza upige hesabu. Nani atalipa karo mwaka wa nne na wa tano, si wa kwanza tu? Je, kuna ufadhili wa kuomba kabla ya kuanza, kama wa DAAD, au wa AERC kwa wanauchumi? Msimamizi unayemtaka amehitimisha wanafunzi wangapi, na walichukua miaka mingapi? Waulize wanafunzi wake, nao watakuambia bila kuficha.

Ukipata majibu na bado mada yako inakuita, ingia. Nchi inawahitaji watu waliokaa na swali moja miaka mitano wakalijua mpaka ndani. Na vyuo navyo, kabla ya kutangaza kozi mpya ya uzamifu, viwalipe kwanza wale wanaofundisha madarasa yao leo.