Usizibe ufa kwa pupa

Nilipokuwa kijana, mjomba alinipa kazi ya kuitengeneza mashua yake kabla ya kwenda kuvua. Niliona mwanya kati ya mbao mbili, nikaujaza saruji na kupaka rangi juu. Ilipendeza kweli. Tulipotoka nje ya mwamba, mawimbi yakaitikisa mashua, saruji ikabanduka na maji yakaanza kuingia. Tulikumba maji kwa makopo hadi tukafika ufuoni.

Mjomba hakunigombeza. Alinifunza kalafati. Alisokota pamba, akaichovya katika mafuta ya nazi, kisha akaishindilia kwenye mwanya kwa chuma bapa na nyundo. Mbao zikilowa huvimba, zikaibana pamba ile, maji yakakosa njia. Sehemu inayokaa majini akaipaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, ili wadudu wasitoboe mbao.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba dawa ya kuziba nyufa si gundi wala rangi. Kazi yake ni kuzuia maji, hewa au vumbi kupita pale vitu viwili vinapokutana. Vitu hivyo havitulii: hupanuka kwa joto, hunywea kwa baridi na hutikisika. Kinachoziba sharti kinyumbuke navyo. Saruji haijui kunyumbuka.

Siku hizi madukani tunanunua silikoni ya kuziba pembe za bafu, sinki na madirisha. Kanuni ni ile ile. Kwanza, kwangua silikoni kuukuu yote, kwani mpya haishiki vizuri juu yake. Pili, ondoa sabuni, mafuta na chumvi, kisha uache pakauke kabisa. Tatu, ipake kwa mkupuo mmoja, uilainishe, na usimwagie maji kabla ya saa 24.

Ile inayonuka siki usiipake kwenye shaba wala mabati, kwani hula vyuma hivyo. Na usitegemee kuifunika kwa rangi. Silikoni nyingi hazishiki rangi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza: ukiuziba kwa pupa, utauziba tena. Nyumbani utapoteza pesa tu. Baharini, ndugu yangu, huenda usipate nafasi ya pili.