Seli zinazoizuia kinga isituue

Watu wengi huingia duka la dawa wakitafuta kitu cha kuongeza kinga. Nawaelewa, ila kinga kali isiyo na kizuizi huua.

Miaka ya 1940, katika maabara ya Oak Ridge, Tennessee, Marekani, walizaliwa panya madume wenye ngozi ya magamba na tezi zilizovimba, ambao hawakuishi zaidi ya wiki chache. Kilichowaua hakikuwa kijidudu. Seli T zao wenyewe, ambazo ni seli za kinga, ndizo zilizokuwa zikiwaharibu viungo. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell walipata chanzo: hitilafu ya jeni moja ya kromosomu X, jeni iliyopewa jina FOXP3. Hitilafu hiyo ipo kwa binadamu pia. Ni nadra, na huwapata watoto wa kiume: kuhara kusikokoma, ukurutu, na kisukari tangu uchanga.

Shimon Sakaguchi wa Japani alikuwa ameshaonyesha mwaka 1995 kwamba panya wakipewa seli T zilizoondolewa kundi moja dogo, kinga hugeuka na kuushambulia mwili. Wakirudishiwa kundi hilo mapema, hunusurika. Hizo ndizo seli T dhibiti, na baadaye ilibainika kuwa FOXP3 ndiyo inayoziongoza zikue. Mwaka 2025 wote watatu walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Zinafanyaje kazi? Seli T huihitaji protini iitwayo intalukini-2 ili zizaane. Seli dhibiti huifyonza kwa wingi, nyingine zikabaki na njaa. Pia zipo seli ambazo kazi yao ni kuzionyesha seli T vipande vya vijidudu na kuziamsha. Seli dhibiti huzisogelea na kuzivua protini za kuamshia. Vilevile hutoa kemikali za kutuliza, hasa kwenye utumbo, ambako chakula na bakteria wasio na madhara vingezua vita kila siku.

Kwa hiyo mgonjwa wa lupasi au baridi yabisi asinunue vidonge vya kuongeza kinga kabla ya kuzungumza na daktari wake. Kinga yake tayari inamshambulia.

Kwenye saratani mambo hugeuka. Uvimbe huzivuta seli dhibiti na kujificha nyuma yake, kwa hiyo watafiti hutafuta namna ya kuziondoa hapo, huku wengine wakizizalisha maabarani ili kuwarudishia wagonjwa waliopandikizwa figo, kinga yao isiishambulie figo hiyo.