Sarafu za Kongo ya Wabeleji: bei ya katikati haimo katika kitabu

Sarafu ya franka 50 ya mwaka 1944, yenye picha ya tembo, ilitengenezwa Pretoria wakati wa vita. Zilikuwa milioni moja, nusu ya uzito wao ikiwa feza safi. Jamaa inayoikuta ndani ya sanduku la muzee huuliza jambo moja: itauzwa ngapi?

Wengi hufungua kitabu cha bei, kama vile Standard Catalog of World Coins cha Marekani. Humo bei zimepangwa kwa safu: F, VF, XF, kisha Unc, yaani sarafu ambayo haijatumika. Lakini sarafu nyingi ziko kati ya safu mbili.

Wataalamu hupima kwa namba 1 mpaka 70, kipimo ambacho Mumarekani William Sheldon alikitoa mwaka 1949. XF ni 40, Unc inaanza 60. Na sarafu ya 50, iliyochakaa kidogo tu kwenye sikio la tembo?

Tuchukue mufano wa hesabu: XF dola 60, Unc dola 240. Wengi hukata katikati na kudai 150. Soko halipandi hivyo. Bei hupanda polepole chini, kisha huruka karibu na juu, kwani sarafu ambazo hazikuguswa ni chache na wanaozitaka ni wengi. Kwa hiyo ni afadhali kuzidisha kuliko kujumlisha: 60 mara mbili ni 120, na 120 mara mbili ni 240. Hapo 120 iko karibu zaidi na ukweli.

Mununuzi naye anaweza kutumia pengo hilo. Ataiita sarafu yako XF tu, alipe 60, na nusu ya mali imekwenda. Yule wa Ubeleji atataja herufi za Kifaransa, TTB ao SUP. Bishana naye hapo, kabla ya kutaja dola.

Kwa franka 2 za 1943, zile zenye pembe sita zilizotoka Philadelphia, kubishana hakulipi sana: zilitengenezwa milioni 25, na zilizochakaa zingali nyingi.

Tena, bei ya kitabu kwa kawaida ni ile muuzaji anayouzia. Akinunua, hutoa chini yake. Na sarafu iliyosuguliwa kwa muchanga ao dawa ya meno ili ing'ae haina tena safu yake, hata tembo akionekana vizuri namna gani.