Je, Wajua? Jalada la Shamba Humtaja Babu Aliyeachwa na Sensa

Je, wajua kwamba sensa za Marekani za 1790 hadi 1840 ziliandika jina la mkuu wa kaya peke yake? Mke na watoto walihesabiwa tu kwa makundi ya umri. Mwaka 1850 kila mtu huru akaanza kutajwa. Watumwa waliorodheshwa kwa umri na jinsia chini ya jina la bwana wao. Wengi wao majina yao hayakuingia katika sensa hadi 1870.

Kwa kuwa sensa peke yake haitoshi, anayemtafuta mlowezi wa magharibi mwa Marekani hupekua pia majalada ya ardhi. Sheria ya 1862 ilimpa mtu hadi ekari 160 za serikali, mradi aishi hapo na kulima kwa miaka 5. Ili apate hati ya ardhi hiyo, alileta mashahidi, mara nyingi majirani, wakaeleza nyumba, mazao na familia yake. Mhamiaji aliambatisha hati za uraia. Ni hazina kubwa, maana sensa ya 1890 karibu yote ilipotea kufuatia moto wa Washington mwaka 1921.

Majalada ya mirathi nayo husaidia, ingawa yana uchungu wake. Katika majimbo ya utumwa, orodha ya mali ya marehemu ilitaja ng'ombe, majembe, vitanda, kisha watu, kwa majina na bei. Karatasi hiyo ya aibu huenda ndiyo pekee iliyohifadhi jina la bibi wa mtu anayeishi leo.

Ukimtafuta wako katika majalada hayo ya mirathi, anzia mahakama ya kaunti alikoishi marehemu mwenye mali.