Klimatizeri haileti baridi: si kila mara gazi imeisha

Wandugu, hapa Kazimia klimatizeri ya gari ikikosa baridi, neno la kwanza ni «weka gazi». Tulia kwanza. Gazi haiishi kama mafuta. Ikipungua, iko mahali inavujia. Ukiongeza bila kuziba, utanunua tena.

Gari za zamani ziko rahisi: unasukuma kifimbo, waya inavuta kilango cha hewa, fundi anaona kwa macho. Zenye AUTO zinajiamulia: ziko na sensa ya joto la ndani, ya nje na ya jua, na vimota vya kugeuza vilango. Vumbi la kiangazi likiziba tundu la sensa ya ndani, mashine inadanganyika, kumbe gazi iko salama.

Toyota nyingi za AUTO za miaka ya 1990 na 2000 zinasema ugonjwa zenyewe: finya AUTO pamoja na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, halafu weka kontakti. 11 ni sensa ya ndani, 12 ya nje, 21 ya jua (pimia juani, kivulini 21 inaweza kutokea bure). Gari mpya nyingi zinadai mashine ya fundi, na gazi yao R-1234yf, yenye kuweza kushika moto, haichanganywi na R-134a.