Nkambo Mwanamke Naye Ana Karatasi

Katika familia nyingi za hapa Lubumbashi nkambo mwanaume anajulikana: alitoka wapi, alifika lini, alifanya kazi gani. Nkambo mwanamke, kimya. Siku ya mazungumzo ya mahari wazee wanauliza, "Mama ya mama yenu ni mtu wa wapi?" nasi tunatazamana. Swali hilo si la bure. Wanachunguza kama wachumba hawana damu moja.

Sisi wajukuu tuliamua kumtafuta wa kwetu. Tulianza na walio hai, nanyi anzeni hapo, maana kitabu cha parokia kinaweza kungoja, shangazi mzee hangoji. Msimuulize mwaka. Muulizeni: wakati wa Uhuru, mtoto gani alikuwa mgongoni na nani alikuwa tayari anaenda masomoni? Kwa swali hilo moja tulijua miaka ya kuzaliwa ya wamama wetu wanne.

Halafu tukafungua sanduku la nkambo mwanaume. Union Minière, iliyoanzishwa 1906, katika miaka ya 1920 ilitafuta wafanyakazi Lomami, Kasai, hata Ruanda-Urundi. Baadaye ikataka waishi kambini na bibi zao, na chakula kikagawanywa kwa hesabu ya familia. (Ndiyo sababu wazee wetu juma wanaliita posho.) Basi bibi na watoto waliandikwa kwenye karatasi za mume. Msitupe karatasi hizo, hata kama mchwa wamekula nusu.

Lakini hazina kubwa iko kanisani. Kwa Wakatoliki, kitabu cha ubatizo kinaandika baba, mama na msimamizi. Na mtu akifunga ndoa, hata parokia ya mbali, habari inarudishwa na kuandikwa pembeni ya jina lake. Mwombeni padri kwa heshima, mkiwa na mwaka wa kukadiria. Kitabu hakitoki ofisini, ila mnaweza kupewa nakala ya mistari yenu.

Angalieni majina. Mwanamke mmoja anaweza kuwa na jina la nyumbani, la ubatizo, na tena lile alilobaki nalo mwaka 1972 majina ya kikristo yalipokatazwa. Ngoie na Ngoy anaweza kuwa mtu yuleyule. Ilitegemea mkono wa aliyeandika. Na karatasi ikisema Jadotville, ni Likasi.

Wa kwetu tulimpata katika misheni moja upande wa kaskazini ya Kamina. Pembeni ya jina lake kuna ndoa, iliyofungwa Elisabethville. Juu kuna jina la mama yake, moja tu, ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia. Shangazi alituomba tulisome mara mbili, kisha akasema mtoto wake wa kwanza, aliyekufa mchanga, aliitwa hivyo. Hakujua ni kwa nini.

Masomo yakifungwa, wawili kati yetu watapanda gari-moshi kwenda Kamina.