Sikio la Msaili: Lafudhi na Uteuzi wa Waigizaji wa Tamthilia ya Kiswahili Mkoani Singida

1. Utangulizi

Lugha ya tamthilia ya Kiswahili huchunguzwa zaidi kama ilivyoandikwa: msamiati wake, methali zake, na namna wahusika wanavyojibizana. Iko hatua moja katika maisha ya tamthilia ambayo hupewa nafasi ndogo, nayo ni ile ambapo maneno yaliyoandikwa hutafutiwa vinywa vya kuyasema. Hatua hiyo ni usaili wa waigizaji. Msailiwa hupewa dakika chache, husoma au kuigiza kipande, kisha msaili huamua nani atapanda jukwaani katika msimu ujao na nani atabaki mtazamaji.

Uamuzi huo huonekana kuwa wa kisanaa tu. Kwa hakika ni uamuzi wa kiisimu pia, kwa kuwa jambo la kwanza linalolifikia sikio la msaili ni matamshi. Kauli kwamba mtu fulani "anaigiza vizuri, ila ana lafudhi ya kwao" hubeba hukumu nzito isiyochambuliwa. Mhadhara huu unakusudia kuichambua hukumu hiyo kwa kuutazama mkoa wa Singida, ambao wingi wa lugha zake unalifanya suala hili liwe wazi kuliko katika mikoa mingi. Hoja yake kuu ni kwamba msaili huchanganya mambo matatu yaliyo tofauti: lafudhi, kosa la matamshi linalovuruga maana, na udhaifu wa sauti ya jukwaani. Mambo mawili ya mwisho yanastahili kupimwa. La kwanza si kosa, bali ni mali ya msanii.

2. Singida na lugha zake

Mkoa wa Singida uko katikati ya Tanzania, na kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022 una watu zaidi ya milioni 2. Kinyaturu, ambacho wenyewe hukiita Kirimi, huzungumzwa kwa wingi kuuzunguka mji wa Singida. Kinyiramba hutawala upande wa Iramba, na jirani yake wa karibu, Kinyisanzu, yuko Mkalama. Upande wa Manyoni na Itigi wapo Wagogo na Wakimbu. Lugha zote hizo ni za Kibantu. Hata hivyo, katika mkoa huohuo wapo wasemaji wa Kidatooga, lugha ya Kiniloti, na wapo Wahadza, ambao lugha yao ina sauti za kidoko na haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote.

Kiswahili nacho si mgeni wa jana. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Tabora ilipita katika nchi hii, na reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilipita Manyoni na Itigi. Baadaye shule, utawala na siasa za kudai uhuru viliieneza lugha hiyo hadi vijijini. Kwa hiyo mwigizaji wa Singida hakiazimi Kiswahili siku ya usaili. Anacho, lakini anacho kwa sauti ya mahali alipokulia.

3. Uteuzi wa waigizaji katika historia ya sanaa za maonyesho

Baada ya uhuru, serikali ilianzisha vikundi vya sanaa vya taifa, na wasanii wa ngoma walitafutwa mikoani kwa sababu ngoma ilihesabiwa kuwa hazina ya makabila. Kwa mcheza ngoma, asili yake ilikuwa sifa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, na kilipogeuzwa kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni mwaka 2007, mafunzo ya ngoma, muziki na uigizaji yalikaa chini ya paa moja. Hata hivyo, tofauti ya vigezo ilibaki: katika ngoma asili ya msanii husifiwa, lakini katika mazungumzo ya tamthilia asili hiyohiyo huonekana kuwa doa linalohitaji kufutwa.

Ulikuwapo mkondo mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo katika kijiji cha Malya, wilayani Kwimba. Huko wanakijiji wenyewe ndio waliochunguza matatizo yao na kuyaigiza. Mwaka 1996 mradi wa Tuseme uliwapa wasichana wa shule za sekondari nafasi ya namna hiyo. Katika mkondo huu swali la nani anafaa kusema hujibiwa kwa kuangalia nani ana jambo la kusema. Kikundi cha mkoa kinachotayarisha msimu wa maonyesho hakiwezi kufuata njia hiyo peke yake, maana kina matini ya kutekeleza na watazamaji wanaotarajia umahiri. Lakini kinaweza kujifunza kwayo kwamba sauti ya mahali si upungufu.

4. Lafudhi si kosa

Kiswahili sanifu kilisimikwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Usanifishaji huo ulihusu hasa tahajia, sarufi na msamiati wa vitabu. Haukuleta lafudhi moja ya lazima kwa wazungumzaji wote. Mzungumzaji wa Unguja ana lafudhi, wa Lamu ana lafudhi, na wa Iramba ana lafudhi. Anayesemwa kuwa "hana lafudhi" ni yule tu ambaye lafudhi yake imezoeleka masikioni mwa wanaoamua.

Tofauti za matamshi zinazosikika kwa msailiwa wa Singida zinaweza kupangwa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni kiimbo. Kinyaturu ni lugha ya toni yenye irabu saba, ilhali Kiswahili kina irabu tano na hakitumii toni kupambanua maneno. Mnyaturu hapungukiwi na irabu yoyote ya Kiswahili, bali ana zaidi. Kinachosikika ni mpando na mshuko wa sauti katika sentensi. Huo ndio muziki wa usemi wake, na hauharibu maana ya neno lolote. Msaili anayemkataa mtu kwa sababu hiyo amemkataa kwa ladha yake mwenyewe.

Kundi la pili ni sauti zinazobadilishana lakini sarufi huziokoa. Mfano maarufu ni /r/ na /l/, ambazo katika lugha nyingi za Kibantu za bara si fonimu mbili tofauti. Mtu anayesema "mahari" akikusudia "mahali" huonekana kuwa amekosea vibaya. Hata hivyo, akisema "mahari pake hapajulikani", upatanisho wa kisarufi umekwisha kumweleza msikilizaji kwamba linalozungumzwa ni mahali. Vivyo hivyo kwa "kura yangu" na "kula kwangu". Kiswahili kimejengwa kwa namna ambayo kiambishi huthibitisha maana ambayo konsonanti imeitia shaka. Katika mazingira kama hayo lafudhi haimpotezi mtazamaji.

Kundi la tatu ni sauti ambazo sarufi haiziokoi, na hapa msaili ana haki ya kuwa mkali. "Zana" na "dhana" zote zimo katika ngeli moja. Mhusika akisema "dhana zao zimechakaa", mtazamaji hawezi kujua kama yamechakaa majembe au mawazo. "Thamani" na "samani" nazo ziko hivyo: aliyeuza nyumba bila kujua thamani yake ana hasara tofauti kabisa na aliyeiuza bila kujua samani yake. Mkazo pia umo katika kundi hili. "Barabara" yenye mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ni njia. Yenye mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho ni sawasawa. Makosa ya aina hii ni machache, yanaweza kuorodheshwa kutoka katika matini ya tamthilia yenyewe, na hurekebishika katika wiki za mazoezi. Kwa sababu hiyo ni mambo ya kufundisha, si ya kufukuzia.

Liko jambo moja zaidi ambalo usaili wenyewe hulizalisha. Msailiwa aliyewahi kuchekwa kwa kusema "feza" na "zambi" hujifunza kuogopa /z/. Matokeo yake hutia /dh/ hata pasipohusika, akasema "dhawadi" na "dhambarau". Wanaisimu huliita jambo hili usahihishaji uliopita kiasi. Mwigizaji wa namna hiyo hupoteza zaidi ya konsonanti moja: akili yake imo katika ulimi, haimo katika mhusika, na sura yake hukakamaa. Msaili huandika kwamba hana kipaji, kumbe ameona hofu ambayo chumba chake kimeipandisha.

5. Mhusika na lugha yake

Kila tamthilia ina mkataba wa lugha baina yake na watazamaji. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, watu wa Vita vya Majimaji huzungumza Kiswahili jukwaani, ingawa mwaka 1905 wengi wao wangejadiliana kwa Kimatumbi na lugha nyingine za kusini. Watazamaji huukubali mkataba huo bila shida. Wakikubali kwamba Mmatumbi wa mwaka 1905 anasema Kiswahili sanifu, hakuna sababu ya wao kukataa kwamba anakisema kwa kiimbo cha Kinyaturu.

Katika tamthilia nyingine tofauti ya usemi ndiyo kiini cha mgogoro. Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, ya mwaka 1988, inamleta karani wa sensa kijijini, na mtazamaji lazima asikie umbali uliopo kati ya kijana msomi na wazee wa kijiji kama Mitomingi. Kikundi kikichagua waigizaji wote wenye lafudhi ya redio, umbali huo hutoweka. Na katika Ngoma ya Ng'wanamalundi ya Emmanuel Mbogo, pia ya mwaka 1988, mizani hugeuka: Msukuma hulitamka jina la shujaa bila taabu, ilhali mtu wa pwani asiyelizoea hulisafisha likawa jina jingine.

Hatari kubwa iko katika ugawaji wa nafasi. Katika vichekesho vya redio na televisheni lafudhi ya bara imezoea kupewa mlinzi, mtumishi wa ndani na mshamba aliyepotea mjini. Msaili anayewapa watu wa lafudhi hiyo nafasi za kuchekesha tu huwafundisha watazamaji kwamba hakimu, daktari na mwanafalsafa hawawezi kutoka Mkalama. Hapo tamthilia huacha kuichunguza jamii, ikaanza kuidharau.

6. Namna ya kuusikiliza uwezo

Usaili unaofaa mkoa kama Singida unaweza kugawanywa katika hatua tatu. Kwanza, msailiwa asimulie ngano kwa lugha anayoimudu kuliko zote. Hapo msaili atasikia pumzi, mapigo, ukimya na uwezo wa kuwakamata wasikilizaji, bila kujali kama anaelewa kila neno. Bibi msimuliaji katika Lina Ubani ya Penina Muhando, ya mwaka 1984, anahitaji hasa umahiri huo. Pili, aigize papo hapo kwa Kiswahili tukio analolijua, kama vile kupatana bei ya mbuzi mnadani. Tatu, apewe kipande cha matini siku kadhaa kabla, akisome na kukiigiza. Kumpa matini dakika ileile hupima zaidi kasi ya kusoma, na huwaangusha masimulizi hodari na manju wa ngoma ambao elimu yao haikupitia vitabuni.

Ratiba nayo ina uzito. Singida ina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei, kisha huja mavuno ya mtama, uwele na alizeti. Kiangazi ndicho wakati wa watu kukusanyika, na hivyo ndicho wakati wa maonyesho. Tangazo la usaili likibandikwa katika ofisi za mjini peke yake litawaita watu wa mjini. Likitolewa pia siku za mnada litawafikia wengine.

Mwisho, karatasi ya alama itenganishe kinachotenganishika: kusikika, kueleweka, kuaminika katika nafasi, na kusikilizana na mwenzake jukwaani. Safu ya "lafudhi" isiwepo. Panapokuwa na kosa la kundi la tatu, liandikwe kwa jina lake, yaani neno gani na sauti gani, ili mwalimu wa mazoezi ajue pa kuanzia.

7. Hitimisho

Imeelezwa kwamba matamshi ya msailiwa hayana uzito mmoja: yapo yanayobeba muziki wa kwao, yapo yanayookolewa na upatanisho wa kisarufi, na yapo machache yanayovuruga maana na kuhitaji mafunzo. Msaili asiyetofautisha haya atajaza jukwaa la mkoa kwa sauti ambazo mkoa wenyewe hauzitambui. Kiswahili ni lugha ya taifa kwa sababu Mnyaturu, Mnyiramba, Mgogo na Mhadza wanaweza kuelewana kwacho. Haijawahi kuwa sharti la kuelewana huko kwamba wote wasikike kama mtu mmoja.